Njia ya Ngana: Wageni, Mpunga na Kakao

Ukiteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, mwili huitangulia ramani kukwambia kwamba umeingia nchi nyingine. Kosta niliyopanda stendi ya Nane Nane, Mbeya, iliondoka asubuhi ya baridi ya Juni, imejaa makoti na mashuka mazito. Tulipoyapita mashamba ya chai ya Rungwe na migomba ikaanza kuchanganyika na michikichi, abiria wakaanza kuvua: koti, kisha sweta, kisha soksi. Kufika Kikusya madirisha yote yako wazi na joto limeshatukalia mapajani. Hapo njia zinaachana. Moja inashuka kusini kwenda mjini Kyela na mpakani Kasumulu. Nyingine inakata mashariki, kilomita 39 za lami kupitia Ipinda hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Nilikokusudia ni Ngana, magharibi mwa wilaya, mahali uwanda wa mpunga unapokutana na vilima vya Undali. Rafiki zangu wa Dar es Salaam nilipowaambia nakwenda huko kuandika habari za wageni na wahamiaji, walinicheka. Wageni si wako Kariakoo, na Eastleigh ya Nairobi? Kweli wako. Lakini mtu anaweza kukaa Kariakoo mwaka mzima bila yeyote kumwuliza katokea wapi. Mahali padogo hapana nafasi ya kujificha namna hiyo. Mgeni hupokewa na mtu anayejulikana, huonyeshwa pa kulala, na akitaka kukaa lazima apate pa kulima. Nilitaka kuona mambo hayo hufanyikaje, na kama bado yanafanyika.

Nilishika kwanza njia ya Matema, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo. Milima ya Livingstone pale inaangukia ziwani moja kwa moja, na watu wanaoishi chini yake, Wakisi, hawana uwanda wa kulima wa kutosha. Walichonacho ni udongo. Wanawake wa Ikombe na vijiji vya pembeni hufinyanga vyungu ambavyo vimejaa nyumba za upande huu wote wa ziwa, na siku ya soko huvileta kwa mitumbwi, vimepangwa na kufungwa kwa majani visigongane. Nilimkuta mama mmoja amesimama majini hadi magotini, anapokea vyungu kutoka mtumbwini kimoja kimoja na kuvipanga mchangani kwa ukubwa.

"Shikamoo mama. Unatoka navyo Ikombe?"

"Marahaba. Mbali zaidi ya Ikombe. Wewe utachukua cha maji au cha mboga?"

Nilimwambia nina safari ndefu, kitavunjika. Akasema hiyo ndiyo kauli ya wasionunua. Baadaye, biashara ilipopoa, alinisimulia kwamba bibi yake hakuuza kwa fedha. Mnunuzi alijaza chungu nafaka, nafaka ikawa ndiyo bei, na chungu kikubwa kikarudisha chakula kingi. Shangazi zake wawili waliolewa uwandani, kwa Wanyakyusa, baada ya kuja na kurudi na vyungu miaka mingi. Nikamwuliza kama shangazi hao waliwahi kuitwa wageni. "Waliitwa Wakisi mpaka wamekufa," akasema. "Lakini waliitwa wakati wa chakula pia."

Jibu hilo nililikumbuka mara nyingi kuliko lolote lingine katika safari hii. Huku mtu hatakiwi kuacha asili yake ili apate nafasi. Anatakiwa awe na kitu ambacho mahali pale hapana.

Mjini Kyela mambo ni hayo hayo, ila vyungu vimekuwa bati na misumari. Mji wenyewe hauna makuu: soko, stendi, maghala ya mchele, bodaboda zisizo na idadi, na maembe yanayooza mitaroni wakati wake. Ukiuliza duka la vifaa vya ujenzi, la simu au la vitenge, mara nyingi utaelekezwa "kwa Mkinga", na lazima uulize Mkinga yupi. Wakinga wametoka milimani Makete, na sifa yao ya kufungua duka mahali ambapo wengine wanaona vumbi tu imeenea nyanda zote za juu kusini. Nilidhani hiyo ni habari ya miaka ya karibuni. Kumbe biashara yao uwandani ni kongwe kuliko maduka. Kabla ya majembe ya kiwandani, Wakinga walikuwa wahunzi. Walishuka na majembe ya chuma na kupanda na chakula na mifugo.

Tena, masimulizi ya Wanyakyusa wenyewe yanasema kwamba ukoo wa watawala wao ulitoka Ukinga, ukawakuta wenyeji uwandani na mabondeni, na kwamba waliokuja ndio walioleta moto, ng'ombe na chuma. Waliokuwepo, inasimuliwa, walikuwa wakila vyakula vibichi. Sitaki kujua kama moto uliletwa kweli. Kinachonivutia ni kwamba watu hawa, wanapoeleza mamlaka yao yalianzaje, hawasemi "tulikuwa hapa tangu mwanzo". Wanasema tulikuja, na tulikuja na kitu.

Kutoka mjini hadi Kasumulu ni mwendo mfupi. Malori ya Malawi yalikuwa yamepanga foleni kando ya lami, madereva wamelala chini ya tela. Vijana wanaobadili fedha wanatembea na mabunda ya kwacha yaliyofungwa mpira. Mbele kidogo lipo daraja la Mto Songwe, na ukilivuka saa yako inarudi nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Malawi haitumii saa ya Afrika Mashariki. Mama lishe aliyeniuzia wali na usipa, dagaa wa ziwani, aliniambia kwamba binti yake anasoma ng'ambo na anakula chakula cha mchana nyumbani, kisha anavuka na kukuta cha bibi yake huko hakijapakuliwa. "Mtoto wa mpakani hafi njaa," akasema, akaniongezea mchuzi.

Watu wa pande hizi mbili wametenganishwa na mto mwembamba na mkataba mnene. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini huko Ulaya makubaliano yaliyogawa nchi hizi, na Songwe ukawa ukingo. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanasikilizana bila mkalimani. Majina yao yanaanza vilevile, Mwa-huyu na Mwa-yule, kiasi kwamba ukisoma orodha ya darasa huwezi kujua shule iko upande gani. Hata mpunga haukuheshimu mpaka. Mchele wenye sifa kubwa Malawi, unaolimwa Karonga, huitwa Kilombero, jina la bonde letu la Morogoro. Na hapa Kasumulu niliona magunia ya mchele ambayo hakuna mtu aliyejishughulisha kuniambia yametoka upande gani.

Mto wenyewe ndio usioheshimu kuliko wote. Huku chini, unapokaribia ziwa, Songwe hupinda na kujipindua, na mvua kubwa za masika zikija huacha mkondo wa zamani na kuchimba mpya. Mkulima mmoja niliyeketi naye kwenye banda la kahawa alinieleza kwa utulivu mkubwa kwamba shamba la baba yake lilikuwa Tanzania, mto ukapita nyuma yake, na sasa akienda kupalilia anavuka mpaka. "Sikuhama," akasema. "Nchi ndiyo iliyohama." Mambo ya namna hiyo, pamoja na mafuriko, ndiyo yaliyozifanya serikali mbili zitafute namna ya kuutuliza mto. Mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe, na makao yake yamewekwa Kyela.

Pale bandani palikuwa na mzee aliyesikia lafudhi yangu. "Mtu wa Pwani huyu," akawaambia wenzake, kisha akanigeukia. "Ninyi mliwahi kuja huku, mwanangu. Mlikuja vibaya."

Alikuwa na haki. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Mswahili aitwaye Mlozi bin Kazbadema aliweka kituo chake Mpata, karibu na Karonga, akinunua pembe za ndovu na watu. Mwanzoni alikuwa mgeni kama wageni wengine. Alipewa mahali akakaa. Kisha akajenga boma, akajitangaza sultani wa nchi iliyompokea. Oktoba 1887 watu wake waliwaangamiza Wangonde kwenye wangwa la Kambwe, na walionusurika wakakimbilia kaskazini, ng'ambo ya Songwe, kwa ndugu zao wa huku. Vita kati yake na kampuni ya Waingereza ya African Lakes viliendelea kwa vipindi hadi Desemba 1895, kamishna wa Uingereza Harry Johnston alipoteka boma lake na kumnyonga. Mwingereza naye hakuja na chungu wala jembe tu. Alibaki kuwa mtawala.

Nilimwambia mzee kwamba mimi nimekuja na kalamu. Akaniagizia kahawa. "Kalamu nayo ni ya kuangaliwa," akasema.

Kasumulu inao wageni wa aina nyingine, ambao hawaji kukaa. Ni vijana wa Ethiopia na Somalia wanaosafirishwa kwa siri kuelekea Afrika Kusini, na vijana wetu wenyewe wanaofuata njia hiyo hiyo. Juni 2012 boti iliyobeba Waethiopia ilizama katika ziwa hili upande wa Karonga, wakafa zaidi ya 40. Mtu wa namna hii humpati sokoni. Anapita usiku, hana cha kutoa ila fedha aliyokwisha kumlipa msafirishaji, na mwenyeji anayemhifadhi anavunja sheria. Ukarimu wa zamani ulidai mgeni aonekane mchana. Huyu hawezi kuonekana, na kwa hiyo hauwezi kumfikia.

Asubuhi iliyofuata nilipanda bodaboda kwenda Ngana. Njia ya vumbi inapita katikati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa mpunga, mabua yamebaki na ng'ombe wameachiwa ndani. Kadiri vilima vya Undali vinavyosogea, mpunga unapungua na kivuli kinaongezeka. Kivuli hicho ni cha kakao. Mikakao inakaa chini ya migomba na miembe, matunda yake ya njano na mekundu yameota shinani na kwenye matawi manene, na mbele ya kila nyumba kuna jamvi la mbegu zinazokauka, zenye harufu kali ya uchachu inayokufuata mpaka ndani.

Mwenyeji wangu, mzee wa makamo ya sabini, alinipokea kwa mkono na kwa mbalaga, ndizi zilizopikwa na karanga. Mezani tulikuwa watu wa namna nyingi kuliko viti. Mkewe ni Mndali kutoka Ileje. Mkwe wake mmoja amezaliwa Karonga. Jirani aliyeletwa na harufu ya chakula alifuata kazi mgodini. Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliojengwa na Wachina na kufunguliwa mwaka 1988, uko jirani, upande wa Ileje, na ulivuta wafanyakazi kutoka mikoa mingi. Mgodi uliposimama kwa miaka, wengine walirudi kwao. Yeye alikuwa ameshaoa, na tena, alisema, alikuwa ameshapewa shamba.

Hapo nikapata nafasi ya kuuliza swali lililonileta. Shamba hupewaje?

Mzee aliifuta mikono kwanza. Baba yake, alisema, alikwenda Wenela, machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, kabla serikali ya uhuru haijapiga marufuku watu kuandikishwa kwenda huko. Baba mdogo wake alikufa Copperbelt, Zambia. Kila nyumba ya zamani hapa ilikuwa na mtu aliyekuwa mgeni mahali fulani. Kwa hiyo mgeni alipofika hakushangaza. Alifikia kwa mtu, akafanya kazi naye msimu mmoja, wakala pamoja, na msimu wa pili mwenyeji akamwonyesha kipande cha mpunga. Hakukiuza wala hakukigawa moja kwa moja. Alimwachia alime, na kila baada ya mavuno mambo yakaangaliwa upya. Asiyefaa alijikuta hana pa kulima mwaka unaofuata, bila kesi wala kelele.

Utaratibu huu una mizizi mirefu kuliko mzee mwenyewe. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika kwa mshangao juu ya vijiji vya rika. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka kwa wazazi wao, wakajenga vibanda vyao ukingoni mwa kijiji, wakakua pamoja hapo, wakaoa hapo. Mtu aliishi na marika zake na si na ukoo wake. Kila kizazi kilipokabidhiwa nchi, vijiji vilipangwa upya na ardhi ikagawanywa upya. Jamii iliyojengwa hivyo imezoea tangu utoto kuishi na mtu asiye ndugu, na kumpima kwa tabia na kazi yake. Mgeni wa kutoka mbali alikuwa hatua moja tu zaidi ya jirani wa kawaida.

Lakini Monica Wilson aliona pia kilichokuwa kinauvunja utaratibu huo. Juu kule Rungwe watu walikuwa wameanza kupanda kahawa, na mkahawa si zao la msimu. Aliyepanda hakutaka kuhama wala kugawiwa upya. Alitaka mwanawe arithi. Ardhi ikaanza kufuata ukoo, na kijiji cha marika kikakosa pa kusimama.

Nilikuwa naisikiliza hadithi hiyo hiyo Ngana, nikiwa nimeketi katikati ya mikakao. Mkakao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, kisha huendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 20. Huwezi kumwachia mtu kipande akapanda kakao kisha ukamwambia mwakani tutaangalia. Anayepanda mti, kwa mila za huku, ameshika ardhi. Na bei haimruhusu mwenye ardhi alale. Mwaka 2024 kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na wakulima wa Kyela, wanaouza kwa mnada kupitia ushirika na stakabadhi ghalani, waliisikia bei hiyo mifukoni mwao. Kila kipande kilichokuwa kinaazimwa kwa mpunga sasa kinatazamwa kwa macho mengine.

Mkwe wa Karonga ndiye aliyelisema wazi. Alipoolewa, alilima mpunga kwenye kipande cha jirani kwa misimu mingi. Msimu huu kipande kimepandwa miche. Yeye hana uraia bado, ingawa sheria inamruhusu mke wa Mtanzania kuuomba, na asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya kijiji. "Nimehamia kwenye usipa," akasema. Ananunua dagaa ufukweni na kuwauza Ngana na kwenye vijiji vya juu. Hakulalamika, alieleza hesabu yake ya faida kwa ufasaha ulionipita. Ila alipokuwa mkulima alikuwa mtu wa pale, alisema, na sasa ni mtu wa njiani.

Watu wengi hutafuta chanzo cha ubaguzi katika mioyo. Ngana mioyo sikuona imebadilika. Meza ile ilikuwa ushahidi. Kilichobadilika ni kwamba ukarimu wao ulikuwa umefungwa kwenye zao la msimu, na zao limeondoka. Watu wa mpunga waliweza kumkaribisha mgeni kwa majaribio, wakarekebisha mwaka hadi mwaka. Watu wa kakao wanatakiwa kuamua mara moja, kwa miaka 20, na mtu mwenye busara akilazimishwa kuamua hivyo atamchagua mwanawe.

Jioni mzee alinipeleka kwenye mashamba yake ya bondeni. Kakao ilikoma mahali fulani, na kuanzia pale hadi mtoni yalikuwa majaruba matupu. Nilimwuliza kwa nini hakupanda. Akasema vipande vile huwa anawaachia wanaokuja: mwaka jana kijana wa Ileje, mwaka huu mjane kutoka Makete. "Mgeni akifika, nimpe nini? Maneno?"

Mwanawe, aliyekuwa ametufuata na panga, alicheka. "Mzee ana huruma. Vikija kwangu, siku hiyo hiyo napanda."

Sina la kumlaumu kijana huyo. Ana watoto wanne na ada ya shule haisubiri. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataja ardhi ya pamoja ya kijiji na ardhi iliyobaki kwa ajili ya kugawiwa, mbali na ile iliyokwisha kushikwa na watu binafsi. Kijiji kikitaka, kinaweza kutenga majaruba ya mtoni yabaki ya mpunga na ya msimu, chini ya halmashauri ya kijiji, ili kijana wa Ileje au mjane wa Makete asitegemee huruma ya mzee mmoja. Nililisema hilo pale shambani. Mzee akamtazama mwanawe, mwanawe akaniuliza kama mkutano wa kijiji ukikubali watamlipa fidia ya miche aliyokwisha kuinunua. Ana miche 200 kwenye kitalu, tayari kwa mvua za Desemba.